Chuma Nacho Huchoka

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Sikuumwa, wala sikufukuzwa kazi (bado!). Nilikuwa Iringa kwenye msiba wa bibi yangu, na ni wakati wa kurudi Dar ndipo lilipotokea jambo ninalotaka tulizungumze leo.

Tulikuwa watano ndani ya gari la mjomba. Ni la mtumba, kama yalivyo magari yetu mengi, lakini mjomba analitunza kama bibi harusi: rangi mpya, viti vimevikwa vitambaa, redio inayotikisa vioo. Tangu tunatoka Iringa nilisikia mlio upande wa gurudumu la mbele kushoto. Ko, ko, ko, kila tunapopita tuta. Nikamwambia mjomba. Akaongeza sauti ya redio. "Hiyo ni kawaida yake," akasema. "Gari la Mjapani hili, halifi."

Tulipokaribia Morogoro usukani ukaanza kuvuta upande mmoja. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa nyuma na rozari yake mkononi, ndiye aliyesema kwa sauti isiyo na mjadala kwamba tusimame. Tukaingia gereji moja ya chini ya mwembe. Fundi, kijana wa rika langu, akapiga jeki, akashika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha chuma kinachotosha kiganjani: kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe chake, kile mafundi wanachokiita tairodi endi. Kichwa kilikuwa kinaingia na kutoka kwenye kikombe bila kulazimishwa.

"Broo," akaniambia, "gari hili lilikuwa linawaaga. Mlikuwa mmebakiza matuta machache tu."

Mjomba hakusema kitu. Mimi nikajikuta nawaza habari ambayo ingeandikwa kesho yake. Naijua vizuri kwa sababu nimeiandika mwenyewe mara nyingi: "Watu watano wamefariki dunia baada ya gari dogo walilokuwa wakisafiria kuacha njia na kupinduka. Chanzo cha ajali ni dereva kushindwa kulimudu gari." Nukta. Mhariri anapitisha, tunahamia habari nyingine. Hakuna ambaye angeuliza kile kipande kiko wapi.

Sasa, mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua mwanzo wa mambo. Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa moja: ni nani wa kwanza kuuliza kuhusu gari, "Kipande hiki kitadumu kwa muda gani?" Na aliuliza kwa njia gani? Majibu niliyoyapata yamenifanya nione aibu kidogo kuhusu kazi yangu. Endelea kusoma, utaelewa.

Tuanze na usukani wenyewe. Mkokoteni wa farasi uligeuka kirahisi: ekseli nzima ya mbele ilizunguka kwenye pini moja ya katikati. Kiungio kimoja tu. Lakini namna hiyo mkokoteni ulikuwa rahisi kupinduka kwenye kona. Mjerumani mmoja wa Munich, Georg Lankensperger, akabuni njia nyingine, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaisajili hataza yake kule London. Katika njia hiyo ekseli inatulia, kila gurudumu la mbele linageuka kwenye pini yake, na gurudumu la ndani ya kona linakata zaidi kuliko la nje. Ni kanuni ile ile iliyomo kwenye gari unalopanda leo.

Ila tazama gharama yake. Kiungio kimoja kimekuwa viungio vingi: pini mbili, mikono miwili, fimbo ya kuunganisha, na kila mwisho wa fimbo una kichwa chake na kikombe chake. Kila kimoja kinaweza kulika. Karl Benz alipotengeneza gari lake la mwaka 1886 alilikwepa tatizo hilo lote kwa kuweka magurudumu matatu, moja tu mbele. Hadi mwaka 1893 ndipo alipopata hataza ya usukani wake wa magurudumu mawili ya mbele.

Na aliyelijaribu gari la Benz kwa mara ya kwanza katika safari ndefu hakuwa Benz. Alikuwa mke wake, Bertha. Agosti 1888 alichukua gari pamoja na wanawe wawili, bila kumuaga mzee, akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika, akamwomba fundi viatu azivike ngozi. Vilima vikamshinda gari, ikabidi lisukumwe. Aliporudi alikuwa na orodha ya mambo ya kurekebisha, na gari likaongezewa gia kwa ajili ya vilima. Kwa maoni yangu hapo ndipo gari lilipozaliwa hasa. Mume aliunda mashine, mke akaifanyia mtihani na kuleta matokeo nyumbani.

Wapo waliolipa bei kubwa zaidi. Émile Levassor, Mfaransa, mwaka 1895 aliendesha kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita 1,178, kwa saa 48 na dakika 48, karibu peke yake. Gari lake halikuwa na usukani wa duara. Lilikuwa na fimbo, kama usukani wa mashua. Wavuvi wa pwani watanielewa: fimbo ni nzuri majini, lakini barabarani kila gurudumu linapogonga jiwe, teke lile linapanda moja kwa moja hadi mkononi. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Paris hadi Marseille na kurudi, mbwa alimwingilia barabarani, gari likapinduka, Levassor akaumia. Hakupona sawasawa, na mwaka 1897 akafariki dunia.

Ningekuwa ripota wa zama hizo ningeandika nini? "Dereva alishindwa kulimudu gari." Bila shaka. Lakini kampuni yake iliachana na fimbo. Kufikia mwaka 1898 magari ya Panhard et Levassor yalikuwa yanatumia usukani wa duara, ambao kwa kupitia meno yake ya chuma hauruhusu kila jiwe la barabarani limnyang'anye dereva mkono wake.

Kisha mambo yakawa ya mpango. Mwaka 1900 klabu ya magari ya Uingereza iliandaa safari ya majaribio ya maili 1,000, kutoka London hadi Edinburgh na kurudi. Magari 65 yalianza. Mwandalizi wake mkuu alikuwa katibu wa klabu, Claude Johnson. Ninaomba ulikumbuke jina hilo, tutalirudia.

Kabla ya hapo, hebu tuzungumzie chuma chenyewe. Chukua kipande cha waya. Ukikivuta kwa nguvu zako zote, hakikatiki. Sasa kikunje, kikunjue, kikunje, kikunjue, bila nguvu yoyote. Baada ya muda kinakatika chenyewe, tena kinakatika ghafla. Kila mtoto aliyewahi kutengeneza gari la waya anaijua siri hii. Wenye reli Ulaya waliijua kwa damu: Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, moto ukawaka, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli haikuzidiwa uzito siku ile. Ilikuwa imechoka.

Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alitumia miaka mingi kati ya ile ya 1850 na 1870 kuzikunja na kuzizungusha ekseli kwenye mashine, akihesabu mizunguko mpaka zivunjike. Alichogundua ni kwamba mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi unaweza kuvunja chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukivunji. Chuma nacho huchoka, kama sisi. Tofauti ni kwamba sisi tunalalamika. Chuma kinatoa mlio wa ko, ko, ko, na kuna wakati hakitoi mlio kabisa.

Weka maarifa hayo kwenye gari la mwanzo wa karne ya 20. Barabara ni za kokoto na vumbi. Springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila shimo linavikunja na kuvikunjua kama ule waya. Shokapu ndiyo kwanza zinaanza kuuzwa. Vichwa vya fimbo za usukani vimejazwa grisi na kushonewa vifuniko vya ngozi, kama viatu, ili vumbi lisiingie, maana vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Utajuaje kwamba gari hilo litafika mwaka wa pili? Huwezi kujua kwa kuliangalia likiwa linang'aa dukani. Lazima ulichoshe kwa makusudi.

Na hapa ndipo tunafika mwaka 1907, mwaka ninaoupenda kuliko yote katika habari hii.

Yule Claude Johnson wa safari ya maili 1,000 alikuwa sasa meneja wa Rolls-Royce. Kampuni ilikuwa na gari jipya lililopakwa rangi ya fedha, lenyewe wakaliita Silver Ghost. Johnson akalitoa likakimbizwe mbele ya waangalizi wa klabu ya magari, mchana na usiku, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow, hadi litimize maili 15,000. Hizo ni kama kilomita 24,000. Lilisimama bila kutaka mara moja tu, kwenye maili ya 629, kwa sababu mtikisiko wa barabara ulilifunga koki ya petroli. Baada ya hapo likaenda maili 14,371 bila kusimama kwa hitilafu yoyote. Mbio zikaisha Agosti 8.

Wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hiki. Mimi kilichonigusa ni kilichofuata. Gari lilifunguliwa lote. Waangalizi walipima kipande kimoja kimoja kuona kimelika kiasi gani. Injini na gia hazikuonyesha kulika kwa maana yoyote. Unajua miongoni mwa vitu vichache vilivyohitaji kubadilishwa kulikuwa na nini? Vipande vidogo vya usukani. Gharama ya spea zote za kulirudisha gari katika hali ya upya: pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Ikaandikwa, ikatangazwa, mpaka ile senti ya mwisho.

Baadaye, pale kiwandani Derby, watu wa Henry Royce walikuwa na mashine ya kutikisa. Gari liliwekwa juu ya magurudumu makubwa yenye vinundu, yakazungushwa, na gari likawa linarushwarushwa pale pale lilipo, kama liko kwenye barabara mbovu isiyo na mwisho. Kinachokatika kinachukuliwa, kinachunguzwa, kinachorwa upya, kinarudishwa kwenye mashine. Hawakungoja mteja afe ndipo wajue.

Siku mbili baada ya Silver Ghost kumaliza, yaani Agosti 10, 1907, Mtaliano Scipione Borghese aliingia Paris na gari la Itala akitokea Beijing. Kule Urusi gurudumu lake la mbao lilivunjika, na fundi seremala wa kijijini akalitengeneza kwa shoka.

Na siku hiyo hiyo, Agosti 10, 1907, gari jingine lilikuwa linaondoka mahali pengine kwa ajili ya mtihani mrefu zaidi. Wapi? Dar es Salaam! Luteni wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka hapa na gari lililotengenezwa Gaggenau maalum kwa kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Siku 630, zaidi ya kilomita 9,000. Gari la Uingereza lilikimbia zaidi ya mara mbili ya umbali huo katika muda usiofika miezi miwili. Ndiyo tofauti kati ya kuwa na barabara na kutokuwa nayo. Kwenye mito, mchanga na milima, gari la Graetz halikuwa linampeleka mtu. Lilikuwa linavutwa na kusukumwa na Waafrika kwa kamba na kwa mabega. Mgongano wenyewe haukuwa wa heshima kwetu: nchi ilikuwa inatoka kwenye vita vya Maji Maji, na msafara ule ulikuwa ni wa mtawala kujionyesha. Lakini kama mtihani wa springi na fimbo za usukani, sidhani kama kulikuwa na mwingine mkali kuliko huo duniani wakati ule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sisi tuliingia kwenye historia ya majaribio ya magari mapema mno. Ila tuliingia kama barabara ya majaribio.

Na hatukutoka. Mwaka 1953 yakaanza mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally, na viwanda vya Ulaya na Japani vikaja kupigana na matope na vumbi la Afrika Mashariki. Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Wazee wetu wakasema, "Hili ndilo gari ngumu." Walisema kweli. Lakini ugumu ule haukushuka kutoka mbinguni. Gari lililoshinda na lililovunjika yote yalikuwa na la kusema kwa mhandisi aliyekuwa tayari kuyafungua. Maarifa yakaenda kiwandani. Sisi tukabaki na sifa ya kuwa na barabara ngumu, kana kwamba hiyo ni sifa.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Barabara zetu zinafanya kazi ya ile mashine ya Derby kila siku, bure, kwa maelfu ya magari. Kila daladala inayopanda tuta na kushuka ni jaribio. Kila basi linalokwenda mkoani ni jaribio. Tunayo mitihani kuliko wao. Kinachokosekana ni nusu ya pili: kufungua, kupima, kuandika. Mtihani usiosahihishwa si mtihani. Ni mateso tu.

Najua utakachoniambia. "Bwana mdogo, tatizo ni barabara." Sawa, zirekebishwe. Lakini waliolijaribu Silver Ghost hawakungoja barabara ziwe nzuri. Walichukua ubaya wake kama kipimo. Utaniambia pia, "Tatizo ni umaskini, watu wananunua spea feki." Hapo una hoja, na sitaki kumcheka mtu anayechagua kati ya tairodi na ada ya mtoto. Ila mjomba wangu alilipia rangi. Alilipia redio. Pesa ilikuwepo, ikaenda kwenye vile vinavyoonekana. Na hata hiyo spea feki, tungeitambuaje kama hakuna anayeandika imedumu kilomita ngapi?

Nimeshawahi kusimama pembeni nikiangalia gari likikaguliwa. Taa, sawa. Honi, sawa. Wipa, sawa. Kizima moto, kipo. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyepiga jeki, hakuna aliyelitikisa gurudumu. Yule fundi wa chini ya mwembe alitumia dakika tatu kujua kama tutafika au hatutafika. Dakika tatu na mikono miwili! Kama kuna jambo moja ningependa liwe lazima kwa kila gari la abiria, ni hilo: liinuliwe, gurudumu litikiswe, anayelitikisa aandike jina lake.

La pili linatuhusu sisi wa kalamu. Baada ya ajali, gari likiwa bado limelala mtaroni, tuulize. Kichwa cha tairodi kilikuwa ndani ya kikombe chake au nje? Springi ilikatika kabla ya kupinduka au baada? Kilichokatika kina kutu ndani ya ufa, maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, au kinang'aa chote? Fundi mzuri anaweza kukusomea hayo kama mtu anavyosoma barua. "Kushindwa kulimudu gari" si chanzo cha ajali. Ni maelezo ya kilichoonekana, na mara nyingi ni njia ya kumtwika marehemu lawama kwa sababu hawezi kujibu. Sisemi madereva wetu ni malaika. Mwendo kasi unaua, pombe inaua. Nasema tu kwamba tukiandika sentensi moja kwa ajali zote, hatutajifunza chochote kutoka hata moja.

Wale wa 1907 walihesabu hadi peni 7. Sisi tunazika watu watano na hatujui ni kipande gani.

Mjomba alinipigia juzi. Baada ya salamu akaniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kukiri, kwamba amebadilisha na upande wa kulia pia, pamoja na bushi. Halafu akaongeza kwamba ameweka daftari ndani ya gari, anaandika kilomita kila kinapobadilishwa kitu. "Usiniandike lakini," akasema.

Shikamoo, mjomba. Nimekuandika. Nisamehe.

Na wewe msomaji, kesho ukipanda gari ukasikia ko, ko, ko, mwambie dereva apunguze redio.